Jua Linatua Saa Ngapi? Vuli ya Ulaya kwa Msafiri Asiye na Haraka

Hotuba hii ilitolewa jioni moja mbele ya wasafiri wanaojiandaa kwenda Ulaya kati ya Oktoba na Novemba. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mliosimama kule mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na neno moja: vuli. Kwetu vuli ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyohiyo majani ya Ulaya yanapukutika, na Kiswahili chetu kikayapa majira hayo jina hilohilo la vuli. Kwa hiyo ukimuaga bibi kwamba unakwenda kutazama vuli ya Ulaya, usishangae akikuuliza: hata mvua siku hizi mnaifuata kwa ndege? Wala hatakuwa amekosea sana. Mvua ipo.

Sasa niwaulize. Mtu anakwenda siku kumi, anarudi na picha mia nane za makanisa na minara. Mwaka ukipita, anakumbuka nini? Anakumbuka harufu ya makaa kwenye kona ya mtaa. Anakumbuka ndege waliofunika anga. Anakumbuka maji yalivyotoka ardhini uwanja ukiwa umejaa watu. Vitu vidogo! Na akivisimulia anasema, "Nilikuwa na bahati." Ndugu zangu, si bahati. Vina saa yake, vina mahali pake, vina sababu yake. Anayeijua sababu hufika mapema na kusimama panapostahili. Na katika vuli, swali la kwanza la kuuliza kila mji unaofika si hoteli iko wapi wala nauli ni kiasi gani. Ni hili: jua linatua saa ngapi?

Tuanzie Prague, mji mkuu wa Ucheki. Kwenye jumba la kale la baraza la mji kuna saa ya ukutani iitwayo Orloj, ya mwaka 1410. Kila saa kamili, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5 usiku, sanamu ya mifupa inavuta kamba ya kengele, vidirisha viwili vinafunguka, mitume kumi na wawili wanapita wakichungulia, jogoo anawika, basi. Haimalizi dakika moja. Uwanja mzima watu wameinua simu na nyuso juu, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo kuliko wewe. Kisha watu wanatawanyika wakinung'unika: ndiyo hiyo tu?

Ndiyo hiyo tu, kwa aliyetazama mitume. Mitume waache. Tazama uso wa saa. Pete ya nje kabisa ni nyeusi, ina tarakimu za dhahabu za mwandiko wa kale, 1 hadi 24. Pete hiyo haitulii. Mwaka mzima inasogea polepole kufuata machweo, kwa sababu kwa Wacheki wa zamani siku mpya ilianza jua likizama. Pale penye 24 ndipo machweo. Mkono wa dhahabu ukielekea 20, zimebaki saa 4 kabla ya giza.

Je, hesabu hii ni ngeni kwenu? Kwenu ninyi ambao wazee wenu wanauita usiku wa Ijumaa ule unaotangulia mchana wa Ijumaa? Sogeza macho ndani kidogo: kuna mistari ya dhahabu iliyopinda, inayougawa mchana sehemu kumi na mbili, toka macheo hadi machweo. Saa moja baada ya kucha, saa kumi na mbili jua likitua. Hiyo si saa ya Kizungu, hiyo ni saa yetu! Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu haupungui wala hauongezeki sana. Kule unapungua. Mwishoni mwa Oktoba mchana wa Prague ni wa saa 10 na dakika chache, hivyo kila sehemu ya saa hiyo ni kama dakika 51. Wakati wenzako wanasubiri jogoo awike, wewe unasoma ukutani muda wa mwanga uliokubakia, na unausoma bila mkalimani.

Wacheki wana hadithi kwamba fundi aliyeitwa Hanuš alipofushwa na wakubwa wa mji asije akatengeneza saa nyingine kama hiyo. Utaisikia, maana waongozaji wageni wanaipenda. Ni hadithi. Hati zinaonesha saa ya 1410 ni kazi ya fundi Mikuláš wa Kadaň, na hakuna aliyemtoa macho.

Na hapo kuna mtego. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nchi zote za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pamoja nazo, zinarudisha mishale ya saa nyuma. Prague na Roma, ikifika saa 9 usiku, inakuwa saa 8 tena. Saa moja inaishi mara mbili! Treni za usiku za Ujerumani zimelitatua fumbo hilo kwa njia ya kawaida kabisa: zinasimama stesheni na kungoja saa nzima, zisiitangulie ratiba. Simu yako itajirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haitajirekebisha, na ile ya ukutani hotelini haijulikani kama kuna aliyeikumbuka. Lakini kuamka saa moja mapema si hasara. Hasara iko jioni. Jumamosi jua la Prague linatua kama dakika kumi kabla ya saa 12 jioni. Jumapili linatua kama dakika kumi kabla ya saa 11. Mtu aliyepanga kusimama kwenye daraja la Charles saa 11 na nusu kupiga picha za machweo atakuta taa za barabarani zimewaka zamani.

Na wale mnaopiga simu nyumbani, shikeni hili. Kabla ya siku hiyo Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya Prague kwa saa 1. Baada yake, saa 2. Kwa London na Lisbon ilikuwa 2, inakuwa 3. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura zilikuwa sawasawa na Prague, sasa zinaitangulia kwa saa 1. Mama anayelala saa 3 usiku usimpigie kwa hesabu ya wiki iliyopita.

Twende Roma. Jua linatua saa ngapi? Mwanzoni mwa Novemba, kama saa 11 jioni. Basi saa 10 na nusu uwe umesimama nje ya stesheni kuu ya Termini, au kandokando ya mto Tiber, mahali penye anga wazi. Utawaona wanakuja makundi makundi kutoka mashambani: kwenzi. Si kwenzi wetu wa buluu anayemeremeta na kuiba makombo mezani hotelini. Hawa ni weusi wenye madoa, wametoka kaskazini mwa Ulaya kukimbia baridi. Mchana wanakula mashambani, zeituni zikiwemo, na jioni wanarudi kulala mjini kwa sababu mjini kuna joto kidogo. Kabla ya kutua mitini wanazunguka angani kwa maelfu, kama moshi wenye akili. Kundi linajikunja, linakuwa jeusi tii, linafunguka, linapotea, linarudi. Mara nyingi kipanga ndiye sababu: akishuka, kundi linavutika kama mpira wa manati lakini halikatiki.

Kwa nini halikatiki? Hapa pana kisa kizuri. Wanasayansi wa Roma walipanda na kamera kwenye paa la jumba la Massimo, ambalo ni makumbusho jirani na stesheni hiyohiyo, wakawapiga kwenzi picha kutoka pembe mbalimbali ili wajue kila ndege yuko wapi angani. Miongoni mwao alikuwa Giorgio Parisi, yule aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka 2021, ingawa Nobel yenyewe ilikuwa ya kazi pana zaidi ya ndege. Mwaka 2008 walichapisha walichokigundua: kila kwenzi anafuatana na majirani zake sita au saba, basi. Wawe karibu, wawe mbali, idadi ni ileile, sita au saba. Ndiyo maana kundi linaweza kutanuka bila kuachana. Angejali wale tu walio ndani ya mita fulani, kipanga angekwisha kulivunja.

Sasa uhondo una gharama. Kwenzi wanakunya. Wanakunya sana, na kinyesi cha ndege aliyeshiba zeituni kina mafuta. Barabara ya kando ya Tiber inateleza mpaka pikipiki zinaanguka. Kwa hiyo: simama mbali na miti, hasa ile mirefu iliyopangwa kando ya mto, fungua mwavuli hata kama anga ni safi, usiinue uso ukiwa umeachama. Na ukisikia sauti kali za ndege kutoka kwenye vipaza sauti, usidhani ni wazimu. Ni kilio cha kwenzi aliye hatarini kilichorekodiwa, kinapigwa ili wahame mtaa ule.

Mvua ikinyesha Roma, watu wanakimbilia mkahawani. Wewe nenda Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Kuba lake lina tundu katikati, upana wake karibu mita 9, na halina kioo wala kifuniko. Mvua inaingia ndani. Utaambiwa na mtu kwamba haiingii, kwamba hewa inaizuia. Inaingia! Sakafu imeinuka kidogo katikati ili maji yatiririke, na ina matundu 22 ya kuyapokea, madogo kiasi kwamba siku kavu unayakanyaga bila kuyaona. Siku ya mvua unaona jengo la karibu miaka 1900 likifanya kazi iliyopangwa na fundi wake. Kiingilio ni cha kulipia tangu Julai 2023, na marumaru iliyolowa inateleza.

Venice swali linabadilika. Watu wa Lamu, Unguja na Mombasa, hili ni lenu. Venice usiulize jua, uliza mwezi. Mwezi una siku ngapi? Maana kule nako kuna bamvua. Bamvua yao ni changa mno, maji yanapanda na kushuka kama mita 1, wakati Unguja yanafika karibu mita 4. Mvuvi wa kwetu angecheka. Lakini mji umejengwa usawa wa maji, na katika vuli upepo wa sirocco unavuma kutoka kusini-mashariki, unayasukuma maji ya bahari ya Adriatic mpaka kwenye kona ya mwisho, na kona hiyo ndiyo Venice. Bamvua na sirocco vikikutana, mji unaingia maji.

Tarehe 12 Novemba 2019 mwezi ulikuwa mpevu na upepo ulikuwa mkali. Maji yalifika sentimita 187 juu ya alama ya mji. Yalikuwa hayajafika juu hivyo tangu 4 Novemba 1966, yalipofika 194. Mwaka uliofuata, 3 Oktoba 2020, mji ulitumia kwa mara ya kwanza milango yake ya baharini, iitwayo MOSE. Ni milango 78 iliyolala chini ya maji kwenye mikono mitatu ya bahari. Inalala kwa sababu imejaa maji. Maji yakitarajiwa kupanda sana, inapulizwa hewa ndani, maji yanatoka, inaelea na kusimama kama ukuta. Hewa ikitolewa, inalala tena.

Kwa hiyo maji makubwa hayaonekani tena, na hakuna wa kuyalilia. Yaliyobaki ni yale madogo, ambayo hayafiki kiwango cha kuinulia milango, na ndiyo yenye uzuri wake. Tazama utabiri wa kujaa kwa maji, ambao mji unautangaza kila siku. Ukiona unakaribia sentimita 90 au 100, nenda uwanja wa San Marco, sehemu iliyo chini kuliko zote, saa moja kabla ya maji kujaa kabisa. Usitazame ufukweni! Tazama miguuni kwako. Maji hayaji kwa mawimbi; yanatoka kimya kwenye matundu ya mifereji, sakafuni, kama mtu anayetoa jasho. Mwanzo ni kidimbwi kimoja, halafu vinaungana, halafu taswira ya kanisa la San Marco inasimama kichwa chini ndani ya maji. Wakiweka madaraja ya mbao, pita upande wa kulia na usisimame kupiga picha. Nyuma yako kuna mtu anawahi kazini. Kuhusu viatu: soksi zikilowa saa 2 asubuhi siku yako imekwisha, kwa hiyo beba jozi ya pili kwenye mfuko wa plastiki. Makoti na masweta sitayasemea. Vaa tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene, tumemaliza.

Lisbon. Kule utatangulia kuunusa kabla ya kuuona: moshi mweupe kwenye kona ya mtaa, mkokoteni, makaa, na mtu anauza castanhas. Hizi ni njugu zinazozaliwa juu ya mti, kubwa kama dole gumba, zenye ganda la kahawia. Jina hilo limefika mpaka pwani yetu kwa mlango wa nyuma: Wareno walipoleta mkorosho kutoka Brazil, korosho nayo waliiita castanha, castanha de caju. Lakini usitegemee ladha ya korosho. Korosho ina mafuta. Hii ina wanga na maji, karibu nusu yake ni maji, na ukifumba macho utadhani unakula kiazi kitamu cha kuchoma.

Muuzaji anazikata kila moja mkato mmoja ubavuni kabla ya kuzitia motoni. Mkato huo si urembo. Maji ya ndani yakigeuka mvuke bila pa kutokea, njugu inapasuka kama baruti. Wanaojaribu wenyewe kwenye oveni ya nyumba ya kupanga wanasahau hilo, kisha wanashinda wakikwangua kuta za oveni. Ukitaka kujaribu: zitie kwenye maji, zinazoelea zitupe, kata zilizobaki, oveni nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, zifunge kwenye kitambaa dakika 5 mvuke ulegeze ngozi ya ndani, menya zikiwa za moto. Zikipoa, ngozi inagandamana na utaikwangua kwa kucha mpaka usiku. Mtaani zinanyunyiziwa chumvi ya mawe na kuuzwa kwa dazeni ndani ya karatasi iliyosokotwa kama ile ya karanga zetu.

Tarehe 11 Novemba ndiyo kilele, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Martin alikuwa askari wa Kirumi. Inasimuliwa kwamba siku ya baridi alimkuta maskini hana nguo langoni mwa mji wa Amiens, akalikata joho lake vipande viwili kwa upanga, akampa kimoja. Wareno wanaongeza kwamba mawingu yakafunguka na jua likatoka. Ndiyo maana siku chache za joto katikati ya Novemba wanaziita kiangazi cha Martin. Siku hiyo, wanasema, ni ya moto, castanhas na mvinyo. Hilo neno mvinyo, kama mnavyojua, tulilichukua kwao.

Onyo moja, nalo nalisema kwa sauti. Vienna na Paris mtaona chini ya miti ya barabarani njugu nzurinzuri za kahawia zimejaa tele, bure. Msizile! Zile ni za mti mwingine, na zina sumu. Namna ya kuzitofautisha: ya kuliwa ina kincha kidogo, na ganda lake la nje lina miiba mingi myembamba kama nungunungu, ile ya sumu ni mviringo, haina kincha, na ganda lake lina miiba michache mifupi. Tia mfukoni ukumbusho, usitie mdomoni.

Na kwa wale wasiokunywa pombe: Vienna, Septemba na Oktoba, kuna kinywaji cha zabibu chenye ukungu kinachoitwa Sturm. Kitamu kama juisi, na muuzaji anaweza kukuambia ni juisi changa. Ni pombe, bado inachachuka. Chupa haifungwi kabisa kwa sababu gesi ingeipasua. Ukitaka juisi yenyewe omba Traubensaft.

Namalizia Warsaw. Jua linatua saa ngapi? Tarehe 1 Novemba, saa 10 na dakika chache alasiri. Hapo wengi wenu mtasema: mji gani huo, giza kabla ya swala ya magharibi ya kwetu? Siku hiyo ni Watakatifu Wote. Ni sikukuu ya taifa, maduka makubwa yamefungwa, kwa hiyo maji na mkate nunua jana yake. Mji wote unakwenda makaburini. Mabasi ya nyongeza yanapita, namba zake zinaanza na herufi C, na hayo ndiyo ya kupanda, kwani barabara za jirani zinafungwa.

Nenda Powązki, makaburi ya tangu mwaka 1790. Langoni wanauza krisanthemamu, visheti vya mviringo vilivyotungwa kwenye uzi, na peremende ya pinki na nyeupe iitwayo pańska skórka inayong'ang'ania meno. Utakutana na waigizaji maarufu wa nchi hiyo wamesimama na vikopo wakichangisha, kama watoto wa shule. Ilianza mwaka 1975, mwandishi na mhakiki wa muziki Jerzy Waldorff alipoona makaburi ya zamani yanabomoka na hayana ndugu wa kuyatunza. Kila mwaka fedha hizo zinakarabati mengine.

Nunua mshumaa mmoja wa chombo chenye kifuniko. Chagua wa kifuniko cha bati chenye matundu, maana upepo wa Novemba hauna huruma. Washa, ngoja utambi ushike vizuri, ndipo ufunike. Ukifunika haraka unazimika. Usiuweke kwenye kaburi lenye mishumaa ishirini. Tafuta lisilo na hata mmoja, Wapolandi wenyewe hufanya hivyo, na hakuna atakayekuuliza wewe ni nani kwa marehemu. Shika kwa chini, bati linaunguza. Kisha simama njiani, giza likiwa limeingia kabisa. Hutaona mawe wala majina. Utaona mianga, myekundu na myeupe, mpaka mwisho wa macho, na ukungu juu yake umegeuka rangi ya chungwa. Watu maelfu wanapita, na kinachosikika ni majani makavu chini ya viatu.

Basi la mwisho lenye herufi C halingoji, ulizeni saa yake mkiwa bado langoni. Nashukuru kwa kunisikiliza. Karibuni maswali.